Fundi Aliyejipima na Pasi Mkononi

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Koti, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1948, katika nyumba ya nyuma ya stesheni, mtoto wa pili na wa mwisho. Mvua ya siku hiyo, dada yake mkubwa anaapa hadi leo, ilimleta mkunga akielea juu ya mlango, na mlango wenyewe bado una kufuli.

Alisoma hadi darasa la nane, akatoka na mwandiko mzuri na jicho la kupima. Mwaka 1965 aliingia kiwanda cha nguo, baadaye akafungua chumba chake cha ushonaji kando ya posta. Hakutaja kamwe kipimo ambacho hakukiona kwa macho yake. Wenye vitambi walimbembeleza awapunguzie inchi mbili tu. Wapi!

Alifunga ndoa tarehe 3 Agosti 1974. Hawakujaliwa mtoto. Mkewe alipofariki mwaka 2015, fundi alibaki na cherehani, pasi ya chuma na redio inayokoroma.

Mwaka 2019 moyo wake ulichoka kusukuma damu, maji yakawa yanajaa mwilini. Muuguzi wa kliniki alimfundisha kupunguza chumvi, kunywa dawa za kutoa maji, na kujipima kila asubuhi kabla ya chai kisha ampigie simu. Uzito ukipanda ghafla, muuguzi angekuja mwenyewe nyumbani. Basi binti wa watu akawa amemwonyesha mpweke njia ya kupata mgeni.

Asubuhi moja fundi alimsomea kwenye simu kilo tatu zaidi. Muuguzi akaja mbio, akambonyeza miguu. Kidole hakikuacha shimo, maji hayakuwapo. Ndipo akaiona pasi kando ya mizani.

"Babu! Umejipima wewe au umepima pasi?"

"Wote wawili, mjukuu wangu. Si ndio tunaoishi humu?"

Muuguzi alicheka, halafu akavuta kiti. "Ukitaka mtu wa kuongea naye, niambie. Ukinichezea hivi, siku maji yakijaa kweli nitajuaje?"

Tangu hapo simu ilianza na uzito, umbea ukafuata.

Tarehe 14 Juni 2023 alipiga akihema. "Mjukuu wangu, uzito umepanda. Pasi iko dirishani."

Gari la wagonjwa lilikuja hapo hapo. Alifariki wodini tarehe 17, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa muuguzi.

Ameacha dada mmoja, na muuguzi ambaye bado huitazama simu yake kabla ya chai.

Pumzika salama, Fundi. Pasi umeshaitua.