Teodora Kokuberwa, Mama Odeta (1968–2024)

Teodora Kokuberwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Kamachumu, Wilaya ya Muleba, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Rugambwa. Alimaliza darasa la saba mwaka 1983, kisha akajifunza ushonaji kwa masista.

Mwaka 1990 alihamia Mwanza, akafungua kibanda cha kushona nguo Mkuyuni. Huko alikutana na Venant Rwekaza, aliyeleta suruali ipunguzwe, kisha akairudisha mara tatu ilhali haikuwa na kasoro yoyote. Walifunga ndoa tarehe 18 Juni 1994.

Binti yao wa pekee, Odeta, alizaliwa mwaka 1997 akiwa na mtindio wa ubongo. Hakuweza kutembea wala kuzungumza. Teodora alihamishia cherehani nyumbani Kiseke, akaacha kwaya, akaacha hata kwenda kwao kusalimia. Ndugu waliotaka kumpokea kazi ya kumlea Odeta aliwajibu, "Hamtamwelewa." Moyoni aliogopa mwanawe asije akaonekana mzigo.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na kisukari, na baadaye akapata kidonda mguuni. Daktari alimwagiza aupumzishe mguu.

"Nikiupumzisha, daktari, Odeta atabebwa na nani?" aliuliza.

Akafunga bandeji, akaendelea kubeba. Kliniki alikwenda alipopata nafasi, na nafasi ilikuwa adimu.

Jumamosi moja mwanakwaya mwenzake wa zamani, Josepha, alifika akachukua bakuli la uji.

"Leo namlisha mimi. Wewe nenda mazoezini."

"Atakataa, dada."

"Akikataa, utanikuta hapa hapa nikimbembeleza."

Teodora aliondoka akichechemea, akarudi kabla kwaya haijamaliza wimbo wa pili. Alikuta bakuli tupu, Odeta anacheka. Alikaa kizingitini, akalia. Tangu hapo Venant alijifunza kumwogesha binti yake, na Teodora hakukosa tena kliniki.

Lakini kidonda kilikuwa kimeshafika mfupani. Alikatwa mguu Februari 2024, na hali yake haikutengemaa. Akiwa wodini alimwambia mumewe, "Usijifungie naye kama nilivyofanya mimi. Mtu akija kukupokea, mpe." Alifariki dunia tarehe 9 Aprili 2024.

Ameacha mume, binti yao Odeta, kaka yake Jovinary na dada yake Evelina. Odeta bado hugeukia mlango akisikia hatua za mtu. Familia imepanga zamu za kumlea, na wa kwanza kupewa mapumziko ni Venant.

Mama Odeta, nawe sasa pumzika kwa amani.