Ndege wa Ukurasa wa Mwisho

Benchi letu liko nje ya kinyozi, chini ya bati lililochomoza kidogo tu, kiasi kwamba mvua ikinyesha wa katikati wanabaki wakavu na wa pembeni wanaloa bega. Mimi ndiye mwenye birika. Nauza kahawa na kusikiliza, na sina tabia ya kuchangia, maana muuza kahawa akianza kuwa na msimamo anapoteza wateja wa upande wa pili. Wa kudumu hapo ni Kinyozi mwenyewe, anayeweza kuacha kichwa cha mtu kikiwa nusu ili aje kumalizia hoja. Profesa, fundi redio, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya miwani na si kwa sababu ya shule. Karani, mstaafu wa mahakama, ambaye mpaka leo hakubali kitu bila ushahidi. Na Brashi, mchora mabango. Brashi alikuwa akichorea nyumbani kwake, kisha harufu ya rangi ikawa inamsumbua mkewe kifua, akahamishia makopo kwenye kibanda jirani na benchi. Makopo yalipohama, naye akahama. Huja asubuhi kabla sijawasha jiko na huondoka wa mwisho. Siku hiyo alikuwa amepakata ubao wenye karatasi, penseli sikioni, na sura ya mtu aliyeamka na maumivu ya jino.

Kinyozi: Leo bango la nani?

Brashi: Si bango. Ni kile kitabu cha shemeji yenu.

Shemeji yetu ni Mwalimu, mke wa Brashi, aliyefundisha watoto wa chekechea mpaka akastaafu. Ameandika kitabu cha mashairi mafupi ya ndege, kila ukurasa shairi moja, na Brashi ndiye mchora picha. Kurasa zote zilikuwa zimeshafika kwa mchapaji isipokuwa wa mwisho. Jioni hiyo binti wa kwa mchapaji angepita kuuchukua. Asipoupata, kitabu kingechapwa bila ukurasa huo, na Mwalimu alikuwa amesema wazi kwamba ukurasa huo ukitolewa, na kitabu chenyewe kisitoke.

Karani: Hebu weka shauri mezani. Shairi linasemaje?

Brashi akasoma:

Tawi ni lile.
Wawili waliimba.
Sasa mmoja.

Kinyozi: Haya, endelea.

Brashi: Limekwisha.

Kinyozi: Limekwishaje, na wewe hata hujavuta pumzi?

Profesa: Ndiyo yanavyokuwa. Hayo yanaitwa haiku, yametoka Japani. Mistari mitatu. Mizani tano, saba, tano. Ukizidisha umeharibu.

Kinyozi: Hilo si shairi, hilo ni tangazo. Mbona hata mimi ninalo, pale ukutani? Brashi huyu huyu ndiye aliyeniandikia.

Tukageuka wote. Juu ya kioo cha Kinyozi, kwa rangi nyekundu, imeandikwa: Subiri zamu. Usiguse mashine. Karibu tena. Profesa akahesabu kwa vidole, akarudia, akavua miwani.

Profesa: Tano, saba, tano.

Kinyozi: Unaona. Nimekuwa mshairi miaka yote hii, hakuna aliyeniambia.

Karani: Ndege yuko wapi humo?

Kinyozi: Anasubiri zamu.

Mteja aliyekuwa ameachwa kitini akiwa amenyolewa upande mmoja akasema naye anasubiri.

Karani: Mimi nina pingamizi la awali. Jalada linasema kitabu cha watoto na wakubwa. Uliwahi kuona suruali ya watoto na wakubwa?

Brashi: Mtoto anaangalia picha, mkubwa anasoma. Au mkubwa anasoma, mtoto anacheka. Kuna la kunguru, sikiliza. Kunguru mwizi, umeiba sabuni, kaoge basi.

Karani alicheka mpaka kahawa ikamwingia puani, kisha akajifuta na kusema kicheko chake kisiingizwe kwenye kumbukumbu. Nakiri hata mimi nililipenda. Kunguru wa pale kwetu ni wezi wa sabuni kwelikweli.

Profesa: Sasa tatizo liko wapi? Chora ndege, mpe binti, unywe kahawa yako kwa raha.

Brashi: Ndege gani? Hilo la kunguru limesema kunguru. La njiwa limesema njiwa. Hili halisemi. Nimemuuliza, ni ndege gani huyu? Akaniambia, "Unamjua." Akaendelea kuchambua mchele.

Kinyozi: Basi amekununia.

Brashi: Wala. Alinipakulia chakula vizuri tu.

Kinyozi: Hapo ndipo penye hatari. Mwanamke akinuna, chakula kinakuwa na chumvi nyingi. Kikiwa kizuri, ujue ameshakata tamaa.

Brashi akatukunjulia karatasi alizokwisha kuharibu, akazitandaza kwenye benchi, tukanyanyua vikombe kumpisha. Ya kwanza ilikuwa na ndege mmoja, jua, mawingu, nyumba yenye antena, maua chini na paka kwenye uzio. Mhariri wa kwa mchapaji alikuwa ameirudisha, ameandika kwa kalamu juu yake: Punguza. Katika ya pili Brashi alikuwa ametoa paka, akaweka mlima. Hiyo nayo ilirudi.

Karani: Mbona umejaza namna hii?

Brashi: Ndiyo kazi yangu ilivyo. Mtu akileta ubao, anataka ubao wote ufanye kazi. Ukimwachia nafasi nyeupe anakwambia hujamaliza. Mwenye bucha nilimchorea ng'ombe, akaniuliza, na huku pembeni mbona hakuna kitu? Nikamwongezea mbuzi.

Profesa: Mbona kurasa nyingine zilipita?

Brashi: Zile tulifanya wote. Mimi nachora, yeye amekaa hapa ubavuni. Akiona naelekea kujaza, anaweka kiganja juu ya karatasi, ananiambia, hapa usiguse, hapa ni pa shairi kupumua. Basi nachora kuzunguka mkono wake. Na tunaimba huku tunafanya kazi, yeye sauti ya juu, mimi ya chini. Kazi ilikuwa inakwenda.

Kinyozi: Na hili je?

Brashi: Hili sijapata nafasi ya kukaa naye. Nikifika nyumbani nakuta amelala.

Alisema hivyo huku amenyoosha kikombe nimwongezee, nami nikamwongezea. Pale kijiweni hakuna aliyeona ajabu, maana wote tulikuwa tunafika nyumbani tukakuta wamelala.

Karani: Tusitoke nje ya mada. Tawi lipo, halina mgogoro. Ndege walikuwa wawili, sasa ni mmoja. Swali ni moja tu. Huyo wa pili kapatwa na nini? Tukijua kilichompata, tutamjua ni ndege gani.

Kinyozi: Kaliwa na paka. Brashi, ulikosea kumtoa yule paka. Ndiye mtuhumiwa wenu.

Karani: Halijathibitishwa. Manyoya yako wapi?

Kinyozi: Basi kanyonyoka. Ndege hunyonyoka, nimeona kuku wakifanya hivyo. Huyu kanyonyoka kichwani, akaona haya, kajificha nyuma ya majani mpaka manyoya yaote upya. Wanaume wangapi wanaingia kwangu kwa mlango wa nyuma kwa sababu ya upara? Chora ndege mmoja juu, na kofia chini.

Profesa: Nyinyi mnakwenda kijuujuu. Hawakuwahi kuwa wawili. Ndege aliimba, sauti ikagonga bati la jirani, ikarudi. Shemeji akasikia wawili. Jirani akaezeka vigae, mwangwi ukafa. Ndiyo maana sasa ni mmoja.

Karani: Kwa hiyo unadai shahidi alidanganyika?

Profesa: Nadai bati. Au, ngojeni, kuna uwezekano mwingine. Wa pili hajaondoka na wala hajanyamaza. Anaimba, ila kahama masafa. Ni kama redio. Kituo kipo hewani, kinarusha matangazo vizuri kabisa, lakini nyumba hii haikipati. Kinapatikana mtaa mwingine.

Kinyozi: Sasa hiyo Brashi ataichoraje?

Profesa: Atachora antena. Alikuwa nayo kwenye picha ya kwanza, mkamkosoa.

Brashi akashika penseli kama anayetaka kuchora antena kweli. Mkono ulikaa hewani, kisha akaurudisha gotini. Karani akasimama. Karani akisimama, ujue sasa anatoa hukumu, na sisi wote tunatakiwa kuweka vikombe chini.

Karani: Nimewasikiliza. Hili ni shauri la ndoa. Ndege wawili, tawi moja, nyimbo za pamoja. Hiyo ni ndoa mbele ya mahakama yoyote. Mmoja kaondoka. Hakufukuzwa, tawi ni lile lile, shairi limesema. Hakuibiwa, hakuna taarifa. Kaondoka mwenyewe kwa miguu yake.

Kinyozi: Kwa mabawa.

Karani: Kwa mabawa yake. Huo unaitwa utelekezaji. Na aliyetelekezwa ana haki ya kubaki na tawi, na kiota, na nusu ya wadudu waliopatikana kipindi cha ndoa. Aliyeondoka aitwe shaurini ajieleze. Asipofika, shauri lisikilizwe upande mmoja.

Profesa: Na kama aliyeondoka hajui kwamba kaondoka?

Karani: Kutojua si utetezi. Hata hivyo, hakuna ndege mjinga kiasi hicho.

Tulicheka. Brashi naye alicheka, ila alichelewa kidogo na akamaliza mapema. Niliona amechora tawi, mstari mmoja mweusi, na ndege mdogo upande wa kushoto aliyefungua mdomo. Upande wa kulia alikuwa ameanza kitu akakifuta, akaanza tena akafuta, mpaka karatasi ikawa na doa. Kinyozi akamshauri aweke maua juu ya doa. Profesa akashauri aweke jua. Karani akasema doa lenyewe ni ushahidi, lisiguswe.

Ndipo pikipiki ikasimama, akashuka binti wa kwa mchapaji, bahasha kubwa kwapani.

Binti: Shikamooni.

Sote: Marahaba.

Binti: Mzee Brashi, nimetumwa ukurasa wa mwisho. Mashine zinaanza kesho asubuhi. Mhariri kasema leo ndiyo mwisho, asilaumiwe.

Brashi: Bado kidogo, mwanangu. Hawa wazee wananisaidia.

Karani: Tumefikia pazuri. Kaa, upate kahawa.

Binti hakukaa. Aliinama juu ya ubao, akasoma shairi kwa sauti ya chini, taratibu, kama watu wasomavyo jina lililoandikwa mlangoni kabla ya kubisha. Akaangalia ndege. Akaangalia doa. Alionekana kupendezwa, na uso wake haukuwa na utani wowote.

Binti: Huyu anayeimba nimemwona. Anapendeza. Sasa huyu wa pili, saa hizi yuko wapi?

Kinyozi akafungua mdomo, akatazama paka wa kwenye karatasi ya zamani, akaufunga. Profesa alivaa miwani. Karani alikuwa na vifungu vyote vya ndoa na talaka, lakini vifungu vinasema kilichotendeka na nani alipe; mtu yuko wapi saa hizi havisemi. Binti alikuwa anangoja jibu la kawaida tu, la kuchorea picha. Mteja wa nusu kichwa alikuwa ametoka mlangoni kusikiliza.

Brashi akauinamisha ubao mbali na sisi, na nikaona macho yake yamejaa. Alifuta kwa mkono wa shati, akajipaka rangi ya samawati shavuni bila kujua.

Brashi: Mwanangu, nenda kwanza kafanye shughuli zako nyingine. Ukirudi usije hapa. Pitia nyumbani, mlango wa kijani baada ya kisima. Utatukuta tunaifanya hiyo picha.

Binti: Itakuwa tayari, baba?

Brashi: Akikubali kukaa nami, itakuwa tayari.

Akakusanya penseli, akaziacha karatasi zilizoharibika palepale kwenye benchi, akaweka ubao kwapani na kuondoka. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Sikumbuki siku nyingine ambayo yeye alitangulia kuondoka.

Karani: Brashi. Shauri halijaisha. Hujasema wa pili yuko wapi.

Alikuwa ameshavuka barabara. Aligeuka, akatutazama mmoja mmoja bila hasira.

Brashi: Alikuwa hapa, anakunywa kahawa na nyinyi.

Kinyozi alirudi ndani kumalizia kichwa cha mtu. Profesa na Karani walibaki wamekaa, kila mmoja na kikombe chake, na nilipowauliza kama niwaongezee, hakuna aliyenyoosha mkono.