Mama Cindy Aliiambia Nini Kamera

Maskani hii ya Frere Town haina kibao wala mwenyewe. Ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, kwenye kivuli cha duka la vioo lililofungwa zamani, na mbele yake jiko la makaa lenye dele ya kahawa ya Jafar. Ukitaka kujua serikali imekosea wapi, kaa hapo dakika chache utaambiwa. Jafar ndiye mwenye kahawa, kwa hivyo hakuna anayemkatiza. Gona huitwa Wakili, kwa sababu aliwahi kuitwa kortini mara moja kutoa ushahidi na mpaka leo hajapona. Lenox huitwa Nairobi, ingawa ameishi Kisauni miaka mingi kuliko alivyoishi huko. Na Fondo, fundi wa ujenzi, wanamwita Redio kwa utani, kwa kuwa anaweza kumaliza vikombe vitatu bila kutoa neno. Asubuhi hiyo alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, na ilikuwa siku ya kazi.

— Redio, kuna msiba au kuna kesi? aliuliza Gona.

— Hakuna. Ni ile video.

— Aa. Ile ya mapenzi.

Gona alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa ya ndimu.

Jumamosi Fondo na mkewe Florence walikuwa wanabariki ndoa kanisani. Walikuwa wameoana kimila miaka ishirini na sita iliyopita, wakazaa watoto wanne, na mkubwa wao, Cindy, ndiye aliyeshikilia kwamba hakuna kubariki bila hadithi ya mapenzi kuonyeshwa kwenye skrini mbele ya wageni. Alimpata binti mmoja wa Mishomoroni, Lavender, ambaye kazi yake ndiyo hiyo. Lavender humketisha mke peke yake, humketisha mume peke yake, huwauliza walikutana vipi na wanapendana kwa nini, kisha huyaunganisha majibu yao. Sharti lake ni moja: wasiambiane walichosema mpaka siku yenyewe. Jana ilikuwa zamu ya Florence. Fondo aliporudi kutoka kazini alimkuta anaosha vikombe huku anaimba chini kwa chini, na alichoambiwa ni kwamba kesho zamu yako, vaa lile shati jeupe.

— Alirekodiwa kwa muda gani? Gona aliuliza.

— Nasikia tangu baada ya chakula cha mchana mpaka magharibi.

— Basi hayo si mapenzi. Mimi mapenzi yangu na mke wangu, mama Tinga, nayaeleza yote kabla kikombe hiki hakijapoa. Mwanamke akikaa mbele ya chombo mchana kutwa, huyo anaandikisha mashtaka.

— Na usidhani yatabaki hapo, buda, alisema Lenox. Mimi nimeziona hizo video. Wanagawanya skrini, huku bibi, huku bwana. Bibi akisema hivi na bwana akasema vile, wageni wanashika mbavu. Kuna msee wa Magongo alisema mkewe alimpendea macho. Mke naye akasema alimpendea baiskeli. Sasa hivi anaitwa Baiskeli mpaka kazini.

— Wallahi mie nimesikia makubwa kuliko hayo, alisema Jafar, akimimina. Hizi kamera za sasa zina kitu ndani chajua uongo. Binamu yangu wa Likoni, siku ya harusi yake, alisema mbele ya kamera kwamba tangu azaliwe hajapata kumtazama mwanamke mwengine. Picha yote ikatoka kijani.

— Kijani?

— Kijani kama mchicha. Wenyewe wakasema ni taa. Mie nilinyamaza tu, kwa sababu namjua binamu yangu.

Fondo alitazama ndani ya kikombe chake.

— Redio, wewe una wasiwasi gani? Gona alimuuliza. Hadithi yenu si inajulikana? Mlikutana kwenye kwaya.

— Ndiyo.

— Basi sema hiyo hiyo. Sisi hapa tunajua ni uongo, maana tulikusikia ukiimba harusini kwa Changawa na watu wakadhani kuna mtu amebanwa na mlango. Lakini sheria iko wazi. Mtu akikaa shambani kwa wenyewe miaka kumi na miwili bila kufukuzwa, anaweza kulidai liwe lake. Nyinyi hiyo kwaya mmekaa nayo ishirini na sita. Hiyo ni yenu. Kilichobaki ni hati tu.

Walicheka, na Fondo naye akacheka kidogo ili asiulizwe zaidi.

Ukweli ni kwamba Fondo alimkuta Florence mangweni, huko Utange, kwa shangazi yake Florence aliyekuwa akiuza pombe ya mnazi. Fondo alikuwa ametumwa na ami zake kununua mnazi wa kupeleka posa, maana kwao hakuna mzee atakayefungua kinywa kuzungumzia mke kabla mnazi haujawekwa chini. Na posa yenyewe haikuwa ya Florence. Ilikuwa ya msichana mwingine kabisa, aliyechaguliwa na wazee. Baadaye, baba yake Florence, mzee wa kanisa ambaye hakujua kwamba bintiye humsaidia shangazi kupima mnazi, alipouliza hawa wawili walijuana wapi, Florence alijibu haraka kwamba kwenye kwaya. Ikawa hivyo. Kila akiulizwa huisimulia kwa uso ule ule wa kusoma matangazo kanisani. Ile ya mangweni ilibaki ya chumbani kwao, na huko humchekesha Florence mpaka aume leso watoto wasisikie.

Sasa Florence alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na hao ndio watakaojaza viti vya mbele Jumamosi. Fondo akitaja mnazi, na mkewe ametaja kwaya, atakuwa amemwaibisha mbele ya wenzake. Akitaja kwaya, na mkewe ametaja mnazi, atakuwa amemfanya mwongo siku ya harusi yake. Lakini lililomkaba zaidi lilikuwa jingine. Alitaka kumshukuru. Hajawahi kumshukuru kwa mdomo, na hii ilikuwa nafasi ambayo pengine haitarudi. Shukrani yake yote ilianzia pale mangweni. Kwenye kwaya hakuwa na la kumshukuru.

Alikumbuka mwaka ule jukwaa la ujenzi lilipoporomoka naye juu yake, akakaa nyumbani na mguu wa plasta. Florence alitoka akaanza kukaanga viazi vya karai kando ya barabara. Kila jioni aliporudi, alimkabidhi yeye hela zote, kimya kimya, ili watoto wakitaka daftari au nauli waendelee kumuomba baba yao. Hakuna mtu aliyemfundisha kufanya hivyo. Fondo alikuwa akilala na hizo hela chini ya mto, akitazama dari, na kujua kwamba amepewa mke ambaye yeye hakumstahili. Alitaka kuyasema haya. Hakujua aanzie wapi, ikiwa hawezi kuanzia mwanzo.

— Na kuna hili lingine, alisema Lenox. Siku hizi kwenye harusi wanaleta mgeni wa kushtukiza. Huyu dada wa video akishaambiwa yote na bibi, anakwenda kumtafuta mchumba wako wa zamani. Jumamosi mlango unafunguliwa, huyo hapo anaingia.

Fondo alipaliwa na kahawa. Jafar alimgonga mgongoni.

— Mwaona? alisema Gona. Yuko. Mchumba wa zamani yuko. Redio, huyo mwanamke anaitwa nani, tumzuie kisheria?

— Simjui jina, alisema Fondo.

Ndilo neno la kweli zaidi alilokuwa amesema asubuhi hiyo, na wote walidhani anawaficha.

— Basi lia, alishauri Jafar. Ukikwama, lia. Kamera yapenda machozi, na mtu aliaye haulizwi swali la pili. Mie binamu yangu angelia mapema, ile picha isingegeuka rangi.

— Asilie, alisema Gona. Machozi ni kukiri kosa.

— Azimie kabisa, alisema Lenox. Mtu akizimia wanakata, wanaweka muziki.

Walikuwa wanajadili azimie kwa upande upi, ili shati jeupe lisichafuke, Lavender aliposhuka kwenye tuktuk na begi lake na stendi ya kamera. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye haraka za mtu wa kazi, lakini alisimama kwanza akawaamkia wote.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanetu.

— Baba Cindy, nilikuwa nije nyumbani. Mama akaniambia nikikutaka useme, nikufuate hapa. Nyumbani, alisema, wewe kazi yako ni kusikiliza.

Alifungua stendi, akamsogeza Fondo ukingoni ambapo mwanga ulikuwa mzuri, akambana kipaza sauti kidogo kwenye ukosi. Gona alifunga kifungo cha juu cha shati lake, ingawa hakuna aliyesema atakuwamo.

— Haya, baba. Mlikutana vipi na mama?

Fondo alishika magoti yake kwa mikono miwili.

— Mwanangu, kabla sijasema, nikuulize kitu.

— Alichosema mama siwezi kukwambia. Nilimwahidi.

— Alichosema sikitaki. Nataka kujua hili tu. Alipokuwa akieleza tulivyokutana, alicheka?

Lavender alifikiri kama kulijibu hilo ni kuvunja ahadi, na akaona si kuvunja.

— Alicheka, baba. Alicheka mpaka akajifunika leso usoni. Nilizima kamera, nikamngoja atulie, nikawasha, akaanza tena. Ndiyo maana tulichelewa.

Hakuna mtu duniani aliyewahi kuicheka hadithi ya kwaya, na Florence mwenyewe angekuwa wa mwisho kuicheka. Basi ameisema ile ya mangweni. Ameitoa chumbani kwao kwa hiari yake, akijua viti vya mbele vitakaliwa na nani. Fondo alimshukuru Mungu palepale, moyoni, kisha akaitazama kamera.

— Nilimkuta mangweni, alisema.

Gona alifungua mdomo. Lenox alimwekea mkono begani.

— Nilitumwa mnazi wa posa. Yeye ndiye aliyekuwa akipima. Nikampa mtungi, nikamwambia ajaze. Akaniuliza mnazi wote huo wa nini. Nikamwambia, nakwenda kuposa. Akaniuliza, unamposa nani? Basi nikasimama pale. Jina sikulijua. Wazee waliniambia ni binti wa mzee fulani, wa pili kutoka juu. Nikamjibu hivyo hivyo: wa pili kutoka juu.

— Ya rabi, alisema Jafar polepole.

— Aliushika mtungi wangu, akanirudishia. Mtupu. Akaniambia, nenda kaulize jina, ukilijua urudi nikujazie. Nikarudi kwa ami zangu na mtungi mtupu. Walinitukana mpaka wakachoka, maana bila mnazi safari haikuwapo. Ikaahirishwa. Kesho yake nikarudi mangweni.

— Ulikuwa umelijua jina? aliuliza Lenox.

— La yule, hapana. Nilikwenda kumuuliza yeye lake.

Fondo alizoea kunyamaza, na sasa aligundua kwamba maneno yalikuwa mengi kuliko alivyofikiri. Alieleza juu ya jukwaa, na plasta, na viazi vya karai, na hela zilizotiwa mkononi mwake ili watoto wasimuone baba yao ni mzigo. Alisema anamshukuru kwa hayo. Alisema na yule binti wa pili kutoka juu anamshukuru pia, popote alipo, na anamuombea kwamba alimpata mwanamume aliyekuja akilijua jina lake.

— Lakini zaidi namshukuru Florence kwa ule mtungi, alisema. Nimepewa vitu vingi na watu. Hakuna aliyenipa kikubwa kuliko yeye siku aliponinyima.

Lavender alikuwa na maswali yake ya kila siku, rangi anayoipenda, chakula anachokipenda, maneno ya mwisho kwa bibi harusi. Aliyaacha yote.

— Baba, na kama angekujazia?

Jafar aliinamisha dele juu ya kikombe cha Fondo, yakatoka machicha tu. Fondo alitafuta maisha hayo mengine, nyumba hiyo nyingine, watoto hao wengine, na hakuona kitu.

— Hilo silijui, mwanangu, alisema. Na naogopa kulijua.

Lavender hakuzima kamera. Gona alisimama, akajipangusa suruali, akasema anapita nyumbani kwa mama Tinga mara moja, na hakuna aliyemuuliza anafuata nini.