Sabili ya Mwalimu Naseem

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo Toronto na vitongoji vyake, leo tunamkumbuka Mwalimu Naseem. Mwalimu Naseem wa Thornhill, aliyefariki Jumanne kwa maradhi ya figo. Tanga alifundisha baiolojia. Huku alifundisha madrasa ya Jumapili, na hakuchoka kurudia somo moja: sukari na kafeini katika vinywaji vya kuongeza nguvu.

Alianza kwa vitendo. Alichota sukari, kijiko baada ya kijiko, akiimimina katika bilauri. "Hii yote imo katika kopo moja kubwa. Nani atailamba?"

Baqir, mwanafunzi mtundu, alimchokoza: "Na chai yako je, Mwalimu?"

"Chai yangu naitia sukari mwenyewe, nikiiona. Hilo kopo, bwana mkubwa, umetiliwa na nani?"

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa akiwaogopea.

Muharamu uliopita, familia yake ilitoa sabili, yaani vinywaji vya bure kwa waombolezaji wa mwezi huo msikitini, kwa thawabu za marehemu mumewe, Hussainali. Miaka yote ilikuwa sharubati. Safari hii mwanawe, Reza, alileta makopo yale yale. "Vijana hawaigusi tena sharubati," anasema Reza. "Nilidhani namfanyia baba wema."

Mwalimu alikuwa upande wa wanawake, hakuyaona. Amreen, binti wa Reza, msichana wa sekondari, akamjia. Alikuwa amekunywa makopo kadhaa tangu shuleni, na jingine pale pale. Amreen humjibu bibi yake kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa huku. Jioni ile alisema kwa Kiswahili:

"Bibi, moyo unakimbia. Nishike."

Kisha akaanguka.

Mwalimu alimshika kifundo cha mkono. Mshipa ulipiga, ukasita, ukapiga tena. Hakumwachia hadi gari la wagonjwa lilipofika.

Amreen alipona. Hofu ya bibi yake haikupona. "Mama aliniambia neno moja tu," anasema Reza. "'Nimewafundisha watoto wa watu, wewe sikukufundisha.'"

Tangu hapo wazazi nao waliitwa darasani. Reza alikaa mbele.

Poleni sana, Reza, Amreen na jamaa wote. Mola amrehemu Mwalimu. Atakayependa kumtolea sabili, familia inaomba iwe maji matupu.

Nasi tutafakari, wasikilizaji wapendwa, tunachowapa watoto kwa mapenzi. Hadi leo, asema baba yake, Amreen hulala ameushika mshipa wa mkono wake mwenyewe.