Koki ya Kumi na Mbili

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kinyozi, pale mtaa unapoanza kupanda kilima. Bawaba zake hazikung'olewa, na asiyejua huchaniwa nguo siku ya kwanza. Asubuhi hiyo, saa nne hivi, Mama Pasi alikuwa amekaa upande usio na bawaba, bahasha ya kaki mapajani, beseni tupu miguuni. Yeye ni dobi. Anafua na kunyoosha nguo za nusu ya mtaa, na nyumba yake ni ya mwisho kabisa kule juu, ubavuni mwa koki namba kumi na mbili. Mkandarasi anasema mradi wa maji umekamilika: kisima, pampu, tangi, bomba, koki kumi na mbili. Mwenyekiti wa kamati ameshatia sahihi hati ya makabidhiano. Katibu naye ametia. Imebaki sahihi ya tatu, ya mwakilishi wa wachotaji, ambaye ni Mama Pasi mwenyewe, na saa sita anasubiriwa ofisini na mkandarasi, pamoja na mhandisi wa mradi na wageni wake. Tatizo ni moja. Tangu juzi alfajiri, koki namba kumi na mbili inakohoa hewa.

— Mama, tia sahihi uje tunywe kahawa kwa amani, — alisema kinyozi. Kijiweni wanamwita Wakili, kwa sababu aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa baiskeli iliyoibwa, na tangu siku hiyo hajashuka kizimbani.

— Nikishatia, mkandarasi anapakia vyuma vyake anaondoka. Maji ataniletea nani?

— Hawezi kuondoka. Kifungu cha saba kinamfunga.

— Kifungu cha saba kinasemaje?

— Kinasema... kwa ufupi, kinamfunga.

Mama Pasi alimtazama. Miezi mitatu sasa Wakili anavitaja vifungu kama mtu anayetaja mashemeji zake, na hajaomba hata siku moja aonyeshwe karatasi. Mama Pasi mwenyewe alipewa mkataba jana jioni: kurasa arobaini, herufi ndogo kama sisimizi. Alikuwa amefika ya kumi na moja pale usingizi ulipomshinda.

— Acheni mambo ya vifungu, — alidakia muuza kahawa, ambaye jina lake ni Moto. Alikuwa anamimina bila kutazama kikombe. — Shida ni pampu. Pampu ile ilitolewa kwenye meli. Imezoea kusukuma maji kwa ulalo. Leo unaiambia ipande kilima, itakuelewa?

— Nani kakwambia ilitolewa kwenye meli? — aliuliza Wakili.

— Ina kutu ya chumvi.

— Umeilamba?

Benchi zima likacheka, na aliyecheka zaidi ni Madumu, aliyekuwa ameegemea mkokoteni wake. Huyu ndiye anayewauzia maji watu wa juu, madumu kumi na sita kwa safari moja.

— Mimi naombeni mnitoe kwenye kikao, — alisema. — Koki ikitoka maji mimi sina kazi. Nikisema lolote mtasema naombea mradi ufe.

— Sema tu, tumeshakuzoea.

— Basi nasema. Bomba halifiki juu. Nimepita pale siku wanachimba. Limefika kwenye mwembe wa pili likakata kona, limekwenda kwa shemeji yake mkandarasi. Ana bwawa la samaki yule.

— Samaki! — Moto akapiga birika kwa kijiko. — Ndiyo maana juzi kahawa ilikuwa na harufu!

— Hiyo ni harufu ya birika lako.

Wakili akainua kidole, kama hakimu anataka utulivu.

— Jamani, tuongee kitaalamu. Kila mkataba una kipengele cha nguvu za Mungu. Mafuriko, radi, tetemeko. Mkandarasi hawajibiki. Sasa niambieni, kile kilima nani kakiweka?

Moto alitazama juu kileleni.

— Mungu, — alijibu Moto kwa shingo upande.

— Nimemaliza.

Mama Pasi alihisi damu inapanda. Kaya kumi na nane ziko kule juu, na mtu mwenye wembe mkononi amezifuta zote kwa swali moja.

— Kwa hiyo mimi ni mafuriko? Kilima kilikuwepo kabla hawajaleta jembe. Walikiona, wakakipima, wakachora ramani, wakasaini kwamba watakipanda. Leo ndio kimegeuka radi?

— Mama, usikasirike.

— Nakasirika! Mwenyekiti jana ananiambia nisifanye tuonekane wakorofi mbele ya mhandisi. Wa chini wananiambia nawachelewesha. Wote wanachota. Mimi nimerudisha mafungu mawili ya nguo machafu kama yalivyokuja, na wenyewe hawatarudi kwangu. Na nikitia sahihi leo, kesho nikilalamika nitaambiwa, ulipokea, hii hapa sahihi yako.

Madumu alianza kukagua gurudumu lililokuwa zima kabisa.

Hapo akaja msichana mmoja mwenye mfuko wa nguo nyeupe. Akataka kukaa, na wote kwa sauti moja wakapiga kelele:

— Sogea huku!

Akasogea, gauni likapona.

— Shikamooni. Mimi ni muuguzi, nimehamia juzi nyumba ya geti la bluu. Nimeambiwa dobi nitampata hapa.

— Marahaba, mwanangu. Dobi ni mimi, ila maji sina, — alisema Mama Pasi, na kwa kuwa moyo ulikuwa umejaa, akamweleza yote, kuanzia kisima hadi sahihi.

— Halafu kinachonichanganya, — alimalizia, — ni kwamba siku ya majaribio maji yalipanda. Nimeyaona kwa macho yangu. Koki yangu ilitoka kwa kishindo mpaka ikamlowesha mhandisi viatu. Tulipiga makofi.

Muuguzi alipokea kikombe kutoka kwa Moto, akapuliza.

— Siku hiyo watu wa huku chini walikuwa wanachota?

Ni swali la kawaida kabisa. Lakini Moto aligeukia jiko lake, na Wakili akaanza kufuta kioo kilichokuwa kinang'aa.

— Wakili, — aliita Mama Pasi polepole.

— Mama, elewa. Mhandisi mzima anakuja, na gari, na wageni wawili. Mlitaka akute foleni ya ndoo na watu wanasukumana? Nilipita nyumba kwa nyumba nikawaomba wafunge koki mpaka wageni waondoke. Ilikuwa heshima tu.

— Zote?

— Kumi na moja. Yako nilikuachia, kwa sababu ndiyo waliyokuwa wanakuja kuiona.

Mama Pasi alitaka kumrukia, kisha akakumbuka kwamba siku ile yeye mwenyewe aliionea aibu ndoo yake ya kila siku, akaificha nyuma ya nyumba, akafagia mara mbili na kuvaa gauni la harusi za watu. Mtaa mzima ulijipamba, ukafunga maji, na bomba likapimwa wakati halina kazi.

Akafungua bahasha, akautoa mkataba uliokuwa pamoja na hati. Safari hii hakusoma mstari kwa mstari. Alitafuta neno moja, majaribio. Alilikuta ukurasa wa ishirini na tatu, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata:

— “Mtiririko utapimwa koki zote zikiwa wazi kwa wakati mmoja, kwa muda usiopungua saa moja. Koki itakayoshindwa kujaza ndoo ya lita ishirini ndani ya dakika mbili itahesabiwa kuwa haijakamilika, na mkandarasi atairekebisha kabla ya makabidhiano.”

— Hicho ndicho nilichokuwa nasema! — alisema Wakili.

— Wewe ulisema kilima ni radi.

— Kabla ya makabidhiano, — alirudia Madumu, kama anaonja sukari. — Ina maana bado yumo mkononi.

— Bado yumo. Lori lake nimeliona pale ofisini, halijapakiwa, — alisema Mama Pasi, na kwa mara ya kwanza tangu juzi sauti yake ilikuwa nyepesi. — Madumu, dumu lako ni lita ngapi?

— Ishirini kamili. Hata mpima mizani hanipati.

— Na uko tayari kulipandisha juu likiwa tupu?

Madumu alijikuna shingo. Miaka tisa amekipanda kilima kile, mgongo ukimlia.

— Mama, maji yakifika, koki zile zitahitaji mlinzi. Mtu wa kukaa. Nisemeeni kwenye kamati, mimi kukaa nakuweza. Tupu nalibeba sasa hivi.

— Nina saa ya kuhesabu kwenye simu, — alisema muuguzi. — Nitakwenda naye.

Akainuka, kisha akasita, kikombe bado mkononi.

— Lakini huyo mkandarasi, siku ile hakujua kama koki nyingine zote zimefungwa?

Moto alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Madumu. Mtu aliyezichimbia koki zote kumi na mbili, akapita mtaa mzima kwa miguu mpaka juu, hakuona hata ndoo moja chini ya koki, wala hakuuliza? Benchi lililokuwa na jibu la pampu, la samaki na la Mungu, likamgeukia Mama Pasi.

— Mimi sijui, — alisema Mama Pasi. Akaurudisha mkataba ndani ya bahasha, karibu na hati isiyo na sahihi yake. — Nakwenda kumuuliza mwenyewe. Wakili, mdomo wako ule ule, nyumba zile zile. Nenda.

Wakili alivua aproni akaitundika kwenye msumari. Mama Pasi hakuwa amefika kona ya ofisi alipoisikia sauti yake ikipasua uchochoro wa kwanza:

— Fungueni koki zote! Ndiyo, zote! Wageni wapo, tunataka waone!