Bi Rahila binti Mbarouk, Mshindiliaji wa Risasi za Wasasi wa Kiuyu

Tumekaa leo Ijumaa katika hitma ya Bi Rahila binti Mbarouk Suhail. Alizaliwa Kiuyu siku za vuli, mwaka 1957, mtoto wa kwanza wa Mzee Mbarouk.

Skuli hakwenda. Chuoni, kwa Kurani, alifika juzuu ya kumi, kisha akatolewa amsaidie baba yake. Mzee Mbarouk alikuwa msasi wa nguruwe mwitu, hawa wanaofukua mihogo yetu, na maganda ya risasi za marisau yaliyokwisha kupigwa aliyashindilia upya baruti na punje mwenyewe nyumbani. Siku moja risasi iligoma kuingia. Akaisukuma kwa dole gumba, akailazimisha bunduki ifunge. Ikalia kabla haijafunga. Moto ulirudi nyuma ukaondoka na jicho lake la kulia. Toka siku hiyo mzee alikuwa akielekeza kwa mdomo tu, na binti ndiye aliyeshika kazi.

Kazi hiyo aliifanya maisha yake yote, na wasasi wote wenye kibali walikuja kwake. Alikuwa na kipande cha mtutu mkongwe, kifupi kama kidole. Kila risasi aliyoimaliza aliidondosha humo. Ikishuka yenyewe na kutoka yenyewe, hiyo nzuri. Ikigoma, aliipaka masizi ya kibatari akaitia tena, na pale masizi yalipofutika ndipo palipokuwa na ugonjwa. Yakifutika mdomoni, mkunjo umetanuka. Yakifutika kitakoni, shaba imevimba. Nzuri aliisimamisha mezani kwa kitako chake. Mbovu aliisimamisha kichwa chini, ingoje kufumuliwa. Hakuwa na alama nyingine.

Mumewe, Mzee Khatib, alimjua kwa kazi hiyo. Alikwenda kwao na bunduki iliyokataa kufunga, mwenyewe anailazimisha. Binti akamtazama.

"Weye kaka, hiyo bunduki au mlango wa choo? Mbona waufunga kwa goti?"

Watu barazani walicheka mpaka Mzee Khatib akatamani kuondoka. Hakuondoka. Walioana tarehe 14 Novemba 1976, hapo hapo Kiuyu. Aliitunza nyumba. Hakuwa mtu wa maneno, na mumewe naye vivyo hivyo, wakawezana.

Mwaka jana maradhi ya sukari yalimzidi. Vidole vikaingia ganzi. Akishika sindano, haisikii. Akawa anashindilia kwa macho tu, na mbovu zikaanza kuzidi mezani. Mumewe alimwambia aache. Akajibu, "Namaliza hizi." Mwezi uliopita alianguka, hakuinuka tena.

Mdogo wake, Bi Duni, alikuja kutoka Mkoani kumuuguza. Wageni wakija kumtazama mgonjwa, nyumba lazima iwe safi. Bi Duni alifagia, akapangusa, akaipanga na meza ya risasi. Alasiri akapita Hafiz, mkubwa wa wasasi, mtoto wa ndugu yao wa kiume, kumjulia hali shangazi yake. Akamkuta amelala.

"Shangazi Duni, nazichukua zile za mezani."

"Chukua mwanangu, n'shakupangia. Nyingine zilikuwa kichwa chini kama popo, nimezisimamisha zote vizuri."

Hafiz alipokwisha kwenda, Bi Rahila aliamka. Bi Duni akamhadithia kwa kicheko habari za popo wake. Mgonjwa hakucheka.

"Ulizisimamisha zote?"

"Zote, dada. Zimependeza."

Bi Rahila aligeuza uso kwa mumewe. "Kamzuie Hafiz. Nilipindua saba."

Mzee Khatib alimkuta Hafiz kwenye baraza ya duka, anagawa. Wengine walishachukua zao wamekwenda. Akamwambia azikusanye, zijaribiwe.

"Mzee, za shangazi hazijaribiwi. Tangu lini?"

"Tangu vidole vyake vimekufa."

Hafiz alizunguka nyumba kwa nyumba, Kiuyu yote mpaka Micheweni. Zilizorudi zilitiwa moja moja katika kile kipande cha mtutu, mbele ya kitanda cha Bi Rahila, naye akisikiliza. Inayoteleza ina mlio wake. Inayogoma haina. Mbovu zilipatikana sita, Hafiz akazifumua pale pale. Jumapili ile msako wa nguruwe ukavunjwa, na iliyofuata pia. Kila msasi aliapa kwamba hana ile ya saba.

Tangu hapo mgonjwa hakuuliza habari ya dawa wala ya chakula. Mtu akiingia, humuuliza, "Imerudi?" Mumewe hakuweza kumdanganya. Mguuni alikuwa na kidonda cha sukari; usaha wake ulipanda, homa ikashika. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025, alimwambia Mzee Khatib, "Baba alipata bahati, lilikwenda jicho tu." Alifariki kabla ya adhuhuri, akazikwa Kiuyu baada ya sala ya alasiri.

Ameacha mume, Mzee Khatib, watoto wawili, Ashraf na Ruweida, wajukuu, na mdogo wake Bi Duni, ambaye tangu siku ile hapangi meza ya mtu. Asilaumiwe. Alikuwa akimtunza nduguye.

Mtu akifa huulizwa nani anamdai. Bi Rahila hadaiwi. Yeye ndiye anayedai, na anadai risasi moja, ganda jekundu, kitako cha shaba. Nguruwe wameingia mihogoni na wasasi wamechoka kungoja, keshokutwa Jumapili watatoka. Aliye nayo asiipachike bundukini. Ikigoma asiisukume, wala asimpe mwenzake ajaribu. Aje nayo kwa Mzee Khatib saa yoyote, hataulizwa aliipata wapi.

Mwenyezi Mungu amsamehe Bi Rahila, ampanulie kaburi lake, na Jumapili ipite pasi na msiba.