Mpaka Unaofuata Maji

Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na maofisa mlioongozana naye,

Karibuni bondeni. Viatu vyako si vya tope, mheshimiwa, na bado umeshuka hadi hapa. Kwa hilo tu tumeshafurahi.

SISI NI NANI

Sisi ni wasusi wa mikeka na wafyatua matofali, na bonde letu ni moja. Msusi anataka maji yabaki ili mafunjo yaote. Mfyatuaji anataka yaondoke ili achimbe udongo. Anayekusomea risala hii ni msusi. Mumewe, yule aliyeketi nyuma, ni mwenyekiti wa wafyatuaji. Wenye midomo yao husema mpaka wa bonde unapita katikati ya kitanda chao.

TULIKOTOKA

Mpaka wetu ni kamba. Mvua za kwanza zikinyesha tunafuata ukingo wa maji, tunabishana, kisha tunaihamisha. Msimu uliopita mume alisema, "Mama watoto, maji yamerudi nyuma, tuachieni hadi kwenye kichuguu." Mkewe akamjibu mbele ya watu, "Baba watoto, yamerudi nyuma, hayajahama. Chukua nusu." Alinuna siku nzima, lakini alichukua nusu.

Kuna mwaka tulichoka na maneno, tukasimika vyuma vya mpaka ili yaishe. Maji yakahamia kwenye matofali, tanuri likabomoka. Upande wa wasusi ukakauka, mafunjo yakanyauka. Kila mmoja alikuwa na haki yake na hakuna aliyekuwa na kazi. Tuliving'oa vyuma wenyewe, kwa aibu.

MAFANIKIO

Tangu turudie kamba, mafunjo yameota tena na matanuri yanawaka. Zahanati mliyopita njiani ni matofali yetu, na wanaosubiri daktari wanakalia mikeka yetu.

CHANGAMOTO

Ni barabara. Lori la matofali na lori la mikeka hukwama kwenye shimo lile lile, na hapo ndipo hatuna ubishi. Tumeambiwa barabara itakuja endapo leo utasimika nguzo za mpaka za zege, zisizosogea kwa miaka kumi.

Hatufichi, barabara tunaitaka sana. Risala ya kwanza tuliyoandika ilikubali nguzo. Msomaji akagoma kuisoma. Mumewe akamwonya, "Tukiikosa barabara, lawama utabeba peke yako." Akasema, "Nitabeba. Na wewe maji yakiingia tanurini utabeba nini?" Mume akasema, "Haya, iandikeni upya. Nitatia sahihi."

MAOMBI

Tunaomba barabara, na ramani ambayo mpaka wake utachorwa upya kila msimu. Tunaomba ofisa wako atembee nasi siku ya kuhamisha kamba, na tukikosea atukemee. Hatukatai sheria. Ila mvua ya miaka kumi ijayo hatuijui, na hatujakutana na anayeijua. Tunachoweza kuahidi ni kukutana tena, kubishana tena na kuelewana tena.

Mheshimiwa, shimo la nguzo ya kwanza tulilichimba jana, pale pale palipowekwa alama na wapimaji wako. Asubuhi hii tumelikuta limejaa maji. Tunakuomba, kabla hujashika mwiko wa saruji, ulichungulie.

Mungu akujalie afya na uamuzi mwema, na akurudishe kwetu kwa njia isiyokwamisha gari.

Ni sisi,
Wasusi na Wafyatuaji wa Bonde Moja